Seva ya Kupanga: Nani Atakayeitunza, na Hadi Lini?

Biashara ya familia siku hizi haikai dukani peke yake. Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, mtu atembeaye kando ya Ziwa Kivu kutoka mpaka wa Goma kuelekea Rubona atazikuta nyumba za wageni zenye vyumba vitano au sita, vyama vya ushirika vya akina mama wafumao vikapu, na wauzaji wa kahawa na sambaza. Baadhi ya shughuli hizo ni za familia za askari na polisi, ambamo baba yuko kazini mbali na mama ndiye mwenye daftari. Mgeni aliyeko Kigali, Nairobi au Brussels haji tena kubisha hodi ili aulize bei ya chumba. Huitafuta kwenye tovuti, na asipoikuta hupanga kwa jirani.

Tovuti ndogo huanza kwa kuwekwa pamoja na nyingine nyingi katika seva moja, mfano wa chumba katika nyumba ya wapangaji. Ikikua, ikawa na orodha ya wageni, malipo na barua pepe za shughuli, familia hushauriwa ipange seva yake yenyewe, tena ile yenye mtunzaji. Ndipo inapoletwa fomu. Fomu hiyo huuliza kumbukumbu ya kompyuta iwe kiasi gani, nafasi ya kuhifadhia mafaili iwe kiasi gani, na mfumo endeshi uwe upi. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa kwa kutazama bei. La tatu ndilo linalowakalisha watu kimya mezani, na aghalabu hujibiwa kwa kubahatisha.

Yuko atakayeuliza kwa nini kompyuta hiyo isiwekwe nyumbani, chini ya meza, maadamu umeme upo na fundi hayuko mbali. Wakazi wa Gisenyi hawahitaji kuelezwa sana juu ya hilo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka ng'ambo ya mpaka, na kwa siku kadhaa zilizofuata ardhi ilitetemeka hata nyumba za mji zikapasuka kuta. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, ukaingia majumbani na kuharibu mali nyingi. Seva haina budi kuwa macho usiku na mchana. Mahali pake ni jengo lililotengenezwa kwa kazi hiyo, lenye umeme wa akiba, mitambo ya ubaridi na walinzi.

Mfumo endeshi ni nini hasa? Ni programu iamkayo mapema kompyuta inapowashwa, ambayo huzigawia programu nyingine kumbukumbu na zamu, hufungua na kufunga milango, na humtambua nani aruhusiwe kuingia na nani akatazwe. Askari atauelewa upesi akiufananisha na ofisa wa zamu kambini: yeye hapiki, halimi wala hafagii, lakini pasipo yeye hakuna ajuaye lango liko wazi au limefungwa. Na seva yenye mtunzaji ni ile ambayo kampuni ya upangishaji hujifunga kwa mkataba kuuangalia mfumo huo: kuutia viraka, kuuzuia usivamiwe, kuuamsha ukianguka. Mwenye biashara haandiki amri hata moja. Yeye hufungua ukurasa wa usimamizi, huongeza anwani ya barua pepe, hubadilisha picha ya chumba, basi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Huuchagua mfumo kana kwamba wao wenyewe ndio watakaoutumia kila siku, ilhali atakayeutumia ni mtunzaji. Chukuliwe mfano wa nyumba moja ya wageni, ambamo mume ni sajini katika kikosi cha kulinda amani nchini Jamhuri ya Afrika ya Kati na mkewe ndiye mwendeshaji. Kijana wa kaka yake humwambia: “Shangazi, tuchukue Windows, ndiyo niijuayo tangu shuleni.” Shangazi humwuliza: “Na wewe ukienda chuoni, nani atabaki nayo?” Jioni mume anapopiga simu na kuelezwa mgogoro huo, hana habari ya Windows wala ya Linux, lakini huuliza maswali mawili ya mtu aliyewahi kupanga walinzi: alindaye ni nani, na zamu yake inakwisha lini? Fomu yote haina maswali mazito kuliko hayo.

Mgawanyo wa kwanza ni kati ya Windows Server na jamii ya Linux. Windows Server ni mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Hutumika kwa leseni, na gharama ya leseni huingia katika kodi ya seva, mpangaji akiitambua au asiitambue. Aidha hudai kumbukumbu nyingi zaidi kabla haijaanza kufanya kazi ya mwenye nyumba. Sababu ya haki ya kuichagua ni moja: ikiwa programu ya biashara, mathalani ya hesabu au ya ghala, imeandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. Kuizoea mezani ofisini si sababu, kwa kuwa seva haina kioo ambacho mwenye biashara ataketi mbele yake. Tovuti nyingi za biashara ndogo hutengenezwa kwa WordPress, programu ya bure iliyobeba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, nayo imezoea kukaa juu ya Linux.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini. Msimbo wake uko wazi, kila mwenye ujuzi aweza kuusoma, kuurekebisha na kuutoa upya kwa jina lingine. Kwa hiyo umezaa koo nyingi. Koo zinazotajwa katika fomu za wapangishaji ni hasa mbili. Ya kwanza ni ya Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambayo haina kampuni inayoimiliki bali hutunzwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani. Juu ya Debian ndipo ilipojengwa Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Mnyarwanda alisikiapo jina hilo hahitaji mkalimani, kwa kuwa ubuntu kwake ni utu na ukarimu, na kitu apewacho “ku buntu” ni cha bure. Hata hivyo asidanganyike na jina: kilicho bure ni programu, kazi ya mtunzaji hulipiwa kila mwezi.

Ukoo wa pili ni wa Red Hat, kampuni ya Marekani inayouza Linux yake kwa ada ya mwaka. Katika ukoo huu ndimo lilimotokea jambo ambalo kila mpangaji wa seva yampasa alijue, hata kama jina lenyewe hatalikumbuka kesho.

Kwa kuwa msimbo wa Red Hat ulikuwa wazi, mwaka 2004 watu wa kujitolea waliuchukua, wakaondoa alama za kampuni, wakautoa bure kwa jina la CentOS. Ulikuwa mfumo ule ule kwa tabia na uimara, pasipo ada. Wapangishaji wa dunia nzima waliupenda, na programu za kusimamia seva zikatengenezwa kwa kuutegemea. Mwaka 2014 Red Hat yenyewe iliuchukua mradi huo chini ya mbawa zake, na mwaka 2019 kampuni ya IBM iliinunua Red Hat kwa dola bilioni 34 za Marekani. Septemba mwaka huo huo likatoka toleo la 8 la CentOS, na watu waliliweka katika seva zao wakitazamia, kama ilivyotangazwa, kwamba litatunzwa hadi mwaka 2029.

Tarehe 8 Desemba 2020 likaja tangazo: matunzo ya CentOS 8 yatakoma tarehe 31 Desemba 2021. Zaidi ya miaka saba ilifutwa kwa waraka mmoja. Lililowauma zaidi waliokuwa wepesi wa kuchukua kipya ni kwamba toleo la 7, lililotoka mwaka 2014, liliachiwa tarehe yake ya awali, 30 Juni 2024. Kijana alizikwa, mzee akaendelea kuishi miaka miwili na nusu zaidi!

Seva iliyofikiwa na tarehe hiyo haizimiki. Laiti ingezimika, kila mtu angeshtuka na kushughulika. Tovuti huendelea kufunguka, wageni huendelea kupanga vyumba, na barua pepe hufika. Kinachokoma ni viraka. Kila tundu linalogunduliwa tangu siku hiyo hubaki wazi, na wadukuzi hawana haja ya kulitafuta kwa kubahatisha, maana hutangazwa hadharani pale viraka vinapotolewa kwa mifumo mingine ya ukoo ule ule. Ni sawa na lindo ambalo mlinzi wake ameondolewa lakini taa imeachwa inawaka.

Kufiwa huko kulizaa watoto wawili. Kampuni ya CloudLinux ilianzisha AlmaLinux, iliyotoka Machi 2021. “Alma” kwa Kihispania ni roho. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, alianzisha Rocky Linux, iliyotoka Juni mwaka huo, akiipa jina la kumkumbuka mwasisi mwenzake marehemu, Rocky McGaugh. Juni 2023 Red Hat iliubana tena upatikanaji wa msimbo wake, wengi wakadhani watoto hao nao watakufa, hawakufa. Toleo la 9 la kila mmoja limeahidiwa viraka vya usalama hadi mwaka 2032. Neno “limeahidiwa” halikuwekwa hapa kwa bahati. CentOS 8 nayo ilikuwa na ahadi. Tofauti iliyopo ni kwamba sasa wako wawili, na kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake ndani ya toleo lile lile ni kazi ndogo kwa fundi.

Kwa upande wa ukoo wa Debian, ahadi ni fupi lakini haijawahi kukatwa kwa namna ile. Toleo la 12 la Debian, lililotoka Juni 2023, hutunzwa kwa kawaida miaka mitatu na kuongezewa miwili na kikundi cha matunzo ya muda mrefu, yaani hadi 2028. Ubuntu hutoa toleo kila Aprili na kila Oktoba, na nambari ya toleo ni mwaka na mwezi wake: 24.04 ni la Aprili 2024. Ajuaye hilo haitaji mwalimu wa kumweleza toleo lina umri gani. Lakini atahadhari, kwa kuwa matoleo mengi ya Ubuntu hutunzwa miezi tisa tu. Linaloifaa seva ni lile linalotoka Aprili kila baada ya miaka miwili, lenye herufi LTS mbele ya nambari, ambalo hutunzwa miaka mitano; hilo la 24.04 litafika 2029.

Kwa nini basi mtu asichukue lililo jipya kuliko yote, liwe na miaka mingi mbele yake? Jibu limo katika tukio la mwisho wa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima kasi ya kompyuta, akashangaa kuona kwamba kuingia katika mashine kutoka mbali kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wangeipuuza nusu sekunde. Yeye aliifuatilia, akakuta kwamba ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz, mtu alikuwa ametoboa mlango wa uani kwa siri. Mtu huyo alikuwa amejitolea kuisaidia programu hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, hata akakabidhiwa ufunguo. Askari na polisi watamtambua mara moja: huyo ni mpenyezi, na alifundishwa subira. Programu yenye sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na ya Fedora. Matoleo imara, yale ambayo wapenda vipya huyaita ya kizee, hayakuguswa.

Uimara huo lakini usichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kulala. Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta za Windows katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, kikidai fedha ili zifunguliwe. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi ya mwaka ule ule. Kwa hiyo, mfumo uwe wa zamani kiasi cha kuzoeleka, na viraka vyake viwe vya juzi.

Lipo jambo lingine ambalo huamua uchaguzi kabla hata ya mpangaji kufungua kinywa, nalo ni programu ya ukurasa wa usimamizi. Kampuni nyingi hutoa cPanel. Hiyo hukaa juu ya AlmaLinux, CloudLinux na baadhi ya matoleo ya Ubuntu, wala haikai juu ya Debian. Plesk hukaa juu ya Linux na juu ya Windows pia. Aliyezoea cPanel asiitake Debian kwa sababu tu ameisikia ikisifiwa. Atakuwa amenunua gari na kuukataa usukani wake.

Familia ifanyeje, basi? Ikiwa tovuti ni ya WordPress na mtunzaji anatoa cPanel, AlmaLinux 9 ni chaguo lisilo na majuto. Ikiwa mafundi wa kampuni ni watu wa Ubuntu, na wao husema hivyo wenyewe wakiulizwa, Ubuntu LTS haipungukiwi kitu. Mfumo ambao mtunzaji anao katika seva zake nyingi ni bora kuliko ule anaoukubali ili kumridhisha mteja mmoja, kwa maana kiraka kikitoka usiku wa manane ataanza na zile nyingi. Katika jambo hili kujifanya hodari hakulipi.

Kabla ya kutia sahihi, mkataba usomwe kwa majibu ya maandishi, si ya simu. Viraka vya usalama hutiwa baada ya siku ngapi tangu kutolewa? Vile vinavyohitaji seva izimwe na kuwashwa upya hutiwa saa ngapi kwa saa za Rwanda, na mpangaji hupewa taarifa? Nakala za akiba huwekwa katika jengo lingine au katika seva ile ile? Na tarehe ya mfumo ikifika, nani atahamisha tovuti, kwa gharama ya nani? Swali hili la mwisho ndilo wauzaji wasilolipenda. Kuhama kutoka toleo kuu moja hadi jingine si jambo la kubonyeza kitufe. Aghalabu seva mpya huandaliwa kando, mafaili na hifadhidata hunakiliwa, hujaribiwa, ndipo jina la tovuti huelekezwa upya. Baadhi ya kampuni huihesabu kazi hiyo ndani ya matunzo, na nyingine huitoza kana kwamba ni mteja mpya aliyeingia.

Mahali seva ilipo nako kuna sheria yake. Nyumba ya wageni huandika majina, nambari za simu na za pasipoti. Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda, ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayolinda taarifa binafsi na faragha, inataka taarifa za namna hiyo zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Na muda wa miaka miwili uliotolewa wa kujitayarisha ulikwisha Oktoba 2023. Seva ya Ulaya yaweza kuwa rahisi kwa dola chache, lakini bei hiyo haijajumlisha kibali. Kwa wageni walioko nchini, seva ya Kigali pia hufunguka upesi, kwa kuwa mawasiliano hayapiti katika nyaya za baharini, ambazo zilipokatika Mei 2024 intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora kwa siku kadhaa.

Na kwa familia za askari liko la ziada, ambalo hakuna mfumo endeshi utakaolitibu. Tovuti ya biashara haina haja ya picha ya baba akiwa katika sare, wala maneno ya kueleza yuko kikosi gani na atarudi lini. Barua pepe za biashara zisichanganywe na za kazi, na neno la siri la ukurasa wa usimamizi lisiwe nambari yake ya jeshi, kama inavyoonekana mara nyingi mno.

Tarehe ya mwisho ya mfumo iandikwe katika daftari lile lile lenye tarehe ya kulipia jina la .rw na ya kulipia kodi ya seva, kwa kalamu, mwaka ukionekana: 2028 kwa Debian 12, 2029 kwa Ubuntu 24.04, 2032 kwa AlmaLinux 9 au Rocky Linux 9. Mtunzaji akumbushwe miezi sita kabla. Kazi ya kuhama ipangwe katika wiki ambazo vyumba viko tupu, si Desemba wala katika likizo za Julai na Agosti, wakati Kigali nzima inapotaka kulala kando ya ziwa.